Mzee Nondo Ajifunza Kusuka

Jumanne, 5 Machi
Leo kituko saluni kwangu! Kaingia jirani yetu wa nyuma ya gereji. Wote tunamwita Mzee Nondo, maana alifunga nondo za maghorofa mpaka akastaafu. Nikadhani kapotea mlango. Akavua kofia, akasema anataka nimfundishe kusuka.

Kusuka! Wateja wakaangua kicheko. Hakukasirika. Alingoja wanyamaze, ndipo akaeleza: mkewe ana ugonjwa wa kusahau. Hataki mtu amguse kichwa, hata binti yao wa kumzaa. Anamkubali yeye tu. Na nywele zimesokotana. "Mama watoto alikuwa hatoki nje hivyo," akasema.

Nimekubali — ningeanzia wapi kukataa?

Ijumaa, 8 Machi
Vidole vinene kama mihogo! Nimempa kichwa cha mdoli ajaribie. Kakaza mpaka mdoli akainua nyusi.
"Mzee, hilo si ghorofa!"
Kacheka kuliko sisi.

Nesi aliyekuwa kwenye draya anasema kliniki siku hizi benchi la wazee wanaosahau halitoshi. Watu wanaishi miaka mingi, na kusahau kunawakuta huko huko. Mara mteja mwingine akasema baba mkwe wake naye yumo. Mwingine — mama yake mdogo, anaficha sukari chini ya godoro, wao wakidhani ni ukorofi. Kumbe kila nyumba! Na hakuna aliyekuwa amesema, mpaka mwanamume alipoomba kitana.

Alhamisi, 21 Machi
Mistari minne, imenyooka! Nimejivuna kama nimesuka mimi.

Nikamuuliza kama hachoki, maana mkewe humuuliza jambo moja mara kumi.
"Mara ya kumi ni kwangu, mwanangu. Kwake ni ya kwanza. Amekosa nini hata nimfokee?"

Mtu huyu!

Jumanne, 26 Machi
Kamleta mkewe. Mama wa umbo dogo, gauni limepigwa pasi vizuri. Mzee akaanza kusuka, polepole. Mikono iliniwasha kusaidia, nikaikalia.

Kufika katikati, mama akamwangalia kwenye kioo. "Wewe kijana, mume wangu akikukuta umenishika kichwa, patachimbika!"

Mzee hakuacha kusuka. "Ndiye aliyenituma."
"Kasemaje?"
"Kasema nisikuumize."
Mama akatabasamu, akainamisha kichwa. Nesi wa siku ile, leo naye yupo, akageukia ukutani, kitambaa usoni.

Ghafla mama akasimama. Anakwenda nyumbani, watoto wanatoka shule! Watoto wenyewe wana mvi. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Nikataka kumbembeleza akae. Mzee akanitikisia kichwa. Akatia kitana mfukoni, akampa mkono. "Twende, mama watoto, tusiwacheleweshe."

Naandika hapa kaunta, wateja wananisubiri. Nawaona dirishani. Mama kachoka, kaketi kwenye ngazi ya gereji. Mzee kasimama nyuma yake, mkono mfukoni. Kitana hajakitoa. Anamsikilizia kwanza, kama atainamisha kichwa —