Simu Iliyokwenda Harusini

Mbulu, 9 Mei 2006

Mpwa wangu Herman,

Habari za Arusha, na kile kifua chako? Huku baridi imeshika. Mimi na goti langu tunakusalimu, ingawa goti limegoma kusimama.

Jumanne iliyopita nilikwenda msibani, narudi nakuta umekata waya wa simu uliounganisha alamu ya ghala letu la dawa za mifugo na ofisi ya walinzi wenu hapa mjini. Umeniachia kisanduku chenye laini ya simu ya mkononi. Mtoto wa dada, hata chai hukuningoja! Najua, mimi ni darasa la saba la kubahatisha, meseji siwezi kutuma. Lakini wezi wakija, anayelala mle ni mimi, si bosi wako. Sisaini kupokea kazi mpaka nibonyeze kitufe nione walinzi wamefika.

Mjomba wako,
Bura

Arusha, 16 Mei 2006

Mjomba, shikamoo.

Kifua kimepona. Mama anakuulizia sana.

Mjomba, mwizi akikata waya, alamu inakufa kimya. Kisanduku hiki kinaipigia simu ya Tomaso, msimamizi wa walinzi, papo hapo. Nilijaribu, ikalia. Wateja wengine wote wamesaini. Bosi anasema bila saini yako sipati ajira ya kudumu. Usiniangushe.

Mpwa wako,
Herman

Mbulu, 29 Mei 2006

Herman mwanangu,

Marahaba. Mwambie dada bado napumua.

Jumamosi mchana nilibonyeza. Nikangoja mpaka nikasinzia. Hakuja mtu. Basi nikapiga yowe, lile la ng'ombe kuibiwa. Mtaa mzima ulifika na fimbo, Mama Fausta na mwiko wake.

“Bura, wezi wako wapi? Nimeacha ugali jikoni!”

“Wezi hamna, mama. Nawajaribu walinzi.”

Nusura nipigwe mimi.

Tomaso alitokea Jumapili jioni. Alikuwa harusini kijijini Hirbadaw, simu mfukoni, mtandao hakuna. Ile ya waya ilikaa mezani, aliyekuwepo akaipokea. Haikualikwa harusi.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua: yowe likipigwa usifike, unatozwa dume. Tomaso akajitetea kwamba hakusikia. Wazee wakamwuliza, “Na sikio letu ulilipeleka harusini kwa ruhusa ya nani?” Kampuni yenu imetozwa dume la ng'ombe. Na sisaini, hata ukija na mama yako.

Mjomba wako,
Bura

Arusha, 8 Juni 2006

Mjomba, shikamoo.

Habari ya dume bosi aliicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akanisogezea karatasi: “Saini wewe badala yake. Yule atajuaje?”

Nikamwambia yule ni kaka wa mama yangu, na ndiye anayelala mle. Hakucheka tena. Nimekataa, mjomba, na kazi sina. Usinipe pole. Waambie wazee wasilegeze, dume litoke.

Ijumaa ijayo napanda basi. Mpaka waweke simu isiyotoka ofisini, ghalani tutalala wawili. Upande wa mlangoni ni wangu, wala tusibishane.

Mpwa wako,
Herman