Shingo Mupya ya Masika

Butembo, Jumatano jioni

Ile ngozi walimupandikiza imeshika! Munganga wa hospitali alituambia leo, wakati alifungua pansement, ile bandeji ya shingo ya bibi yangu wa ndoa, Masika.

Tangu mafuta ya kukaanga mandazi ilimumwangikia kule mutaa wa Kimemi, kovu ilivuta kidevu yake mupaka karibu na kifua. Hakuweza tena kuangalia mutu mu macho. Donc walikata ile kovu, wakaweka kwanza ngozi ya kutengenezwa, kisha juu yake kipande chembamba cha ngozi ya paja yake mwenyewe.

Niliogopa mwili wake utaikataa. Sikumuambia.

“Inua kichwa, mama. Polepole,” munganga alisema.

Akainua. Shingo ilikuwa nyekundu, laini, kama ya mutoto mwenye amezaliwa leo. Atafanya mazoezi kila siku ili isijikunje tena. Ile woga ya kujikunja bado inanisumbua kidogo.

Lakini Masika hakuuliza kioo. Aliniangalia mimi, muda murefu, kisha akacheka.

“Papa Kambale! Uko na mvi mu ndevu!”

Nikagusa ndevu. Kumbe muda huu wote alikuwa anaongea na vifungo vya shati yangu.