Kipande cha Tano

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na wifi na watoto hawajambo. Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Uliidai mbele ya watu hesabu ya kushona upya ndani ya gari la marehemu baba, basi ipokee. Zulia, elfu tisini na tano. Kitambaa cha dari, elfu sitini. Sponji za viti, elfu sabini. Uzi na gundi, elfu ishirini na mbili na mia tano. Ngozi vipande vitano, kila kimoja elfu themanini. Jumla laki sita, elfu arobaini na saba na mia tano. Nimeshona viti vya magari miaka kumi na tisa, nilianza na sindano ya kuazima, na hakuna mteja aliyewahi kunikagua kama wewe Jumapili, umepiga magoti ndani ya gari kama askari wa forodha.

Ukaona ngozi iliyotumika ni vipande vinne, si vitano nilivyokuandikia. Hukuniuliza mimi. Ulimgeukia mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye hubeba mizigo kutoka dukani, ukasema shemeji ana mkono mrefu. Mama alikuwepo. Sasa nasikia umemkataza mama kumkaribisha, na Jumamosi unakuja kumtoa karakanani kwa sababu kiwanja ni cha ukoo. Hapo umenikata maini, kaka.

Shemeji yako hakuiba. Ngozi niliiharibu mimi. Nilikata kiti cha dereva, nikaja kwenye cha abiria nikasahau kugeuza karatasi ya kipimo, nikapata viti viwili vya upande mmoja. Ngozi ina uso na mgongo, haipinduliki. Na mafundi wangu mimi huwakata mshahara kwa kosa hilohilo. Nikanunua kipande kingine, nikakiandika kwenye hesabu yako, na ulipomwita mwizi nikanyamaza.

Ulipoondoka nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Akakivuta kile kilichoharibika kutoka chini ya meza ya kukatia. Kumbe alikuwa amekiona siku nyingi.

“Ningesema nini,” akanijibu, “na mwenye mkasi amesimama palepale kimya?”

Tangu hapo ananiita Fundi, kama wateja wanavyoniita.

Elfu themanini toa kwenye ujira wangu. Barua hii msomee mama kabla ya Jumamosi, kwa sauti, usiruke mstari. Ukishaisoma, njoo umwombe radhi shemeji yako. Utanikuta nami bado namwomba.

Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
mshona viti