Mrihani Ulioshika Kaburini Kwako

Mama Zuhura, assalaam aleikum. Hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie. Zile herufi ulizonifundisha barazani hazikwenda bure, ingawa ulikuwa ukisema naandika kama kuku apekuaye jaa.

Nina neno la kukwambia, nawe usicheke. Siku ya maziko nilichukua panga nikaukata mrihani wako wote, mpaka chini. Nilitaka kaburi lako lifunikwe kwa rihani kushinda kaburi lolote hapa Jomvu Kuu, na wallahi lilifunikwa. Dadako Mwanaisha alinambia, "Shemeji, acha matawi mawili." Nikamjibu kwamba mimi nalima tangu yeye hajazaliwa. Basi kisiki kikakauka.

Hapo ndipo nilipojua ule mti ulikuwa wa watu wangapi. Bi Rukia jirani alikuja, mjukuu wake ana kikohozi, ataka majani ya kuchemsha na tangawizi. Wakaja wenye harusi, wataka ya kutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia vya bibi harusi, pamoja na asumini. Mwengine ana mafua, ataka kujifukiza. Wote nikawambia mrihani umepumzika, rudini Ijumaa. Mbu nao waingia kwa lile dirisha ulilokuwa ukitundika kishada cha rihani. Lakini kukiri kwamba nimeua dawa yako, sikukiri. Wewe wanijua.

Jana, baada ya mvua hizi, nikaja kukuzuru. Nimeinama kuondoa matawi makavu, mkono ukanuka. Ukanuka wewe, utokapo jikoni. Nikakaa pale pale chini kidogo.

Tawi moja la kichwani pako limeshika, lina majani mapya. Nililichomeka mimi, kwa hivyo ujue bado nina mkono wa kilimo.

Nimekata vitawi viwili tu, niwie radhi, nimevipanda pale pale penye kisiki. Kisha nikenda kwa Bi Rukia nikamwambia ukweli, nani aliyeukata ule mti. Akasema, "Baba Zuhura, sote twajua tangu siku ile." Walikuwa wakija kunijulia hali tu.

Ulikuwa ukinambia nichume maua ili majani yasikome, nikikataa kwa kuwa yanipendeza. Sasa ya nyumbani nitayachuma. Ya huko kwako nitayaacha.

Mola akulaze pema, mke wangu. Ijumaa nakuja kutia maji. Panga nitaliacha nyumbani.