Ruhusa ya Kupita Bila Kusimama

Bombambili,
Songea.

Kwako Mjomba wangu mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Naamini barua hii imekukuta umekaa barazani kwako, na Asha binti yako ndiye anayekusomea kwa sauti kubwa. Simu umeikataa na sikulaumu. Mara ya mwisho nilipopiga tulisalimiana vizuri, halafu ukaniaga kabla sijasema neno. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Asha, soma polepole, na usiruke kitu hata ukiona nimekusema.

Mguu wako unaendeleaje? Na mikorosho je, mmeshapulizia salfa? Nasikia upepo wa mwaka huu unarudisha unga wote usoni. Jifunge kitambaa puani, Mjomba, kushika pumzi peke yake hakusaidii, na mashine ile waachie vijana. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kinachonitesa ni baridi ya Songea tu. Asubuhi nikishika usukani vidole vinakufa ganzi, na watu wa huku wananicheka wakisema bado, baridi yenyewe haijaanza.

Kabla ya habari nyingine niseme asante. Siku ile ya kikao cha ukoo juu ya mimi kusomea udereva, Mama Mkubwa aliposema mwanamke na lori wapi na wapi, na wengine wakadakia kwamba madereva hawana adabu, wanapita watu kama wanapita visiki, wewe uliwaacha waseme mpaka chai yako ikapoa. Kisha ukasema: "Aende. Sharti langu ni moja. Siku atakayompita mkubwa wake bila kumwamkia, gari hilo alirudishe kwa wenyewe, naye aje nyumbani." Hakuna aliyebisha, maana kwetu mjomba akishasema, mambo yamekwisha. Nimelibeba sharti lako mpaka leo, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Nitalifikia.

Ulitaka kujua huku chuoni tunafanya nini hasa. Mimi nilidhani siku ya kwanza ningepewa ufunguo. Nilipewa kitambaa. Mwalimu wetu ni Mzee Komba, Mngoni wa hapa hapa aliyeendesha malori mpaka magoti yakagoma. Alituambia tulifute lori lote, kichwa na tela, na kila tunachofuta tukitaje jina na kazi yake. Sisi tuliozoea kuita kila kitu "kile chuma" tuliumbuka. Tulishinda siku nyingi chini ya gari, tukipapasa matairi, nati, mabomba. Kumbe lori halisimami kwa nguvu za mguu wa mtu. Linasimama kwa upepo. Kuna mitungi huko chini ambayo injini inaijaza, na kama haijajaa, huondoki. Mwalimu anasema asiyelielewa hilo si dereva, ni abiria aliyekaa upande wa usukani.

Darasani tulisoma alama za barabarani, namna ya kupanga mzigo na kufunga turubai, na la kufanya gari likikufia njiani. Lile tawi la majani ambalo madereva huliweka barabarani, kumbe sheria hailijui. Sheria inataka pembetatu zinazong'aa. Mwalimu alisema, "Weka pembetatu. Ukiona roho haijatulia, weka na majani."

Kiwanja cha mazoezi kiko Mshangano, ubavuni mwa mashamba ya mahindi, na huko ndiko nilikolia. Kurudi nyuma na tela ni mambo ya kinyume: ukitaka lielekee kulia, unakata usukani kushoto, na ukizidisha kidogo tu linakunja goti na kukugeukia. Tulipangiwa mapipa tupite katikati yake. Niliyagonga mpaka wenzangu wakanipa jina la Mama Mapipa. Nao walikuwa wakiyagonga, Mjomba, ila mimi ndiye niliyesikika nikiliomba pipa samahani. Siku moja nilishuka nikaenda kusimama kwenye mahindi nikalia kweli kweli, nikijiona nimewaaibisha nyote. Nilipomaliza nikapanda tena, kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijaisha.

Sijui ningekuwa wapi bila Mama Kapinga, mwenye nyumba wangu. Ni Mkatoliki, kila Jumapili asubuhi yuko kanisani, lakini kuku hakatwi nyumbani kwake mpaka jirani yetu Mwislamu aitwe kumchinja, ili na mimi nile. Sikumwomba hata mara moja. Nilipomshukuru akanijibu, "Sasa mwanangu, nipike halafu nikutazame unakula mboga tupu?" Kila nikitoka asubuhi ananifungia viazi vya moto kwenye kitambaa, navishika njiani mikono inapata uhai. Naomba umtaje katika dua zako. Yeye ameshanitaja katika zake.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tulipoanza kuingia barabarani, Mwalimu alinipeleka njia ya kupanda Matogoro, lori limejaa mchanga. Nilikuwa naendesha vizuri, gia zinaingia zenyewe, hata Mwalimu alikuwa ameegemea kiti. Katikati ya mlima nikamwona babu mmoja amevaa koti, anasukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni. Akainua mkono kutusalimu. Mjomba, sikufikiri. Mguu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Nikasimamisha lori, nikateremsha kioo, nikainama kwa adabu zote nikasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. Kisha akalitazama lori, akatazama nyuma yetu, akauliza, "Kuna tatizo?"

"Hapana, babu. Nakuamkia tu."

Nyuma yangu kulikuwa na bajaji, pikipiki, na gari dogo limepakia watu, wote wanapiga honi. Nikajaribu kuondoka. Injini ikazima. Nikawasha tena, nikaachia breki kabla injini haijashika mzigo, na lori likaanza kurudi nyuma. Mwalimu alivuta hendibreki kwa mkono mmoja. Yule babu alitupa baiskeli yake, akaokota jiwe kubwa akalitega nyuma ya tairi, akasimama kando anahema. Hapo ndipo tulipoondoka, Mwalimu akiniongoza neno kwa neno. Nilipofika juu akasema, "Simama hapa pa tambarare. Shuka, rudi kwa miguu, ulitoe lile jiwe."

Nikamwambia Mwalimu kwamba yule babu ameshaliona, atalitoa.

"Si lake. Jiwe la mlimani ni la aliyesimama. Likibaki pale, mtu wa bodaboda atakuja kufa kwa ajili ya salamu yako."

Nikateremka mlima kwa miguu. Nilimkuta babu anapanga upya kuni zake zilizomwagika, na jiwe liko pale pale. Nikalisukuma mpaka mtaroni, nikamsaidia kufunga kuni, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Umelelewa vizuri. Lakini siku nyingine nipite tu, mwanangu. Nitajua umeniona." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilikumbuka ya kwako, na sikujua nishike yapi.

Jioni Mwalimu aliniuliza ni nani aliyenifundisha kusimama. Nikamweleza sharti lako lote. Nilitegemea angecheka, hakucheka. Akasema, "Mjomba wako ana haki. Mtu asiyewaona watu nisingempa gari. Ila mjomba wako anayajua mapito ya miguu. Lori lina adabu yake. Ukimkuta mkubwa kwenye vumbi, punguza mwendo lisimwangukie. Ukimkuta kwenye maji, usimrushie. Mwachie nafasi pana. Honi usimpigie, kumpigia honi mzee ni kumfokea. Ukifanya hayo umemwamkia, hata kama hujafungua mdomo." Nimeyaandika kama alivyosema, ili uyapime mwenyewe.

Tangu siku hiyo alinirudisha mlima ule ule mara kwa mara nijifunze kusimama na kuondoka bila lori kurudi nyuma hata kidogo. Tulikutana na yule babu mara nyingi, maana njia ya kuni ni ile ile. Unajua alichokuwa anafanya? Akiona lori letu anageuka kutazama porini, kanipa mgongo, ili nisiwe na deni la salamu. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nilicheka, lakini nilimpenda mzee yule kama ndugu.

Siku ya mtihani, askari wa usalama barabarani alinipeleka kwenye mapipa kwanza. Nilipita katikati yake na hakuna lililoanguka. Kisha akanipeleka mlimani, akaniamuru nisimame katikati na niondoke. Nikaondoka taratibu, hata kikombe cha chai kisingemwagika. Akaandika karatasi yake akasema, "Huu mlima unaujua wewe." Nikamjibu, "Tumezoeana, afande." Leseni ninayo, Mjomba, daraja la malori makubwa na matela, ina picha yangu nimevaa ushungi. Nilimwonyesha Mama Kapinga akapiga kigelegele majirani wakatoka.

Lakini leseni si kazi. Hilo ningependa wajue wote wanaotaka kunifuata. Huko kwenye makampuni kila unapobisha hodi wanakuuliza uzoefu, na uzoefu unaupata wapi kama hakuna anayekupa gari? Mwalimu ndiye aliyenisemea. Kampuni moja inayosafirisha makaa ya mawe kutoka Mbinga kwenda Mtwara imekubali kunichukua kama dereva wa pili. Mwanzoni nitakuwa nakagua matairi, nakaza kamba za turubai, napika kandokando ya gari, na kuendesha vipande vya tambarare tu. Najua mama atauliza nitasafiri na nani. Mwambie dereva wangu mkubwa ni mwanamke, Mama Tusa, Mnyakyusa wa Mbeya, ana wajukuu na hana mchezo. Jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nakoroma.

Na hapa ndipo nilipokwama. Barabara ya kwenda Mtwara inapita Tunduru, na unajua yenyewe inavyopita, mbele kabisa ya baraza yako. Mama Tusa ameniambia kipande hicho nitashika mimi. Lakini lori likiwa na mzigo halisimami ila mahali palipopangwa, na nyumbani kwetu hapakupangwa. Ndani ya gari kuna kifaa kinachowaonyesha watu wa ofisini tulipo na tulipotia nanga. Ukisimama pasipo sababu, unaitwa kujieleza, na kwa mtu mgeni kama mimi maelezo hayo ndiyo ya mwisho.

Nakujua, Mjomba. Ukisikia lori linakuja utanyanyuka na huo mguu wako, utainua mkono. Nami nitakuona. Nitapunguza mwendo nisikumwagie vumbi, nitakuachia nafasi pana, na nitapita. Mama atakuwa pale, Zuhura mwanangu atakuwa pale, na sitasimama. Kijiji kizima kitaona mpwa wako amempita mjomba wake.

Nimewaambia kampuni wanipe muda kidogo kabla sijaitikia. Hawakupenda, lakini wamekubali. Nimehangaika na jambo hili mpaka chakula kimenishinda. Ningeweza kukaa kimya, nikapita kwanza, halafu nikaja kuomba radhi. Sikutaka. Uliponitetea hukujificha nyuma ya mtu, na mimi sitajificha nyuma ya usukani. Neno lako ndilo lililonifikisha hapa, kwa hiyo neno lako ndilo litakaloniruhusu au kunirudisha. Ukisema sharti liko pale pale, nitapanda basi nije niokote korosho pamoja nanyi, na sitanung'unika. Nitalia kidogo, hilo sikufichi, lakini kunung'unika hapana.

Nisalimie mama, umwambie nashukuru anavyomlea Zuhura kama alivyonilea mimi, na asimpe sukari nyingi. Zuhura mwenyewe mwambie picha ya lori inakuja. Nisalimie mkeo, mama yake Asha, aliyenishonea ushungi huo wa kwenye leseni. Mama Mkubwa msalimie sana, na umwambie nilipokuwa nagonga mapipa nilimwona mbele yangu kila mara, na ndiyo maana nikaacha kuyagonga. Kaka Hamisi, mtoto wake, msalimie, aache kutembeza pikipiki bila kofia. Nawe Asha, asante kwa koo lako. Kunywa maji.

Mjomba, shikamoo ya siku hiyo nimeamua kuileta leo, kabla ya safari. Nimepiga goti hapa kwenye sakafu ya Mama Kapinga kama ambavyo ningepiga mbele yako, na nimeweka kalamu chini mpaka nilipomaliza kuitamka. Ukiipokea, Asha anitumie neno moja tu kwenye simu, marahaba, nami nitakwenda kuchukua ufunguo.

Shikamoo, Mjomba.

Mpwa wako,
Mwanaidi