Nimempelekea Shiori Chai Mpya

Baba Shiori,

Wali uko tayari, samaki mchome mwenyewe. Chai yetu ya kijani, sencha, usiiunguze! Maji yakichemka, yaache yapoe kidogo ndipo umwagie majani. Subiri dakika moja, mimina mpaka tone la mwisho. Utamu uko hapo.

Asubuhi ulipokuwa shambani, Shiori alipiga simu. Miaka sita nimeitamani sauti ile. "Mama, mmeshachuma majani ya kwanza?" Kisha: "Baba bado anakunywa chai chungu kama dawa?" Akacheka, halafu akalia.

Nimechukua kopo la chai mpya, naenda kwake Osaka. ~~Usinifuate.~~ Treni nyingine inaondoka saa nane mchana. Wewe ndiye uliyemfukuza. Neno la kumrudisha nyumbani siwezi kukusemea.

Mama Shiori