Profesa aliyenifukuza sasa anataka kuandikwa mwalimu wangu

Shangazi Bong, naomba unisome mpaka mwisho, maana mchapaji wa kijitabu cha onyesho langu anasubiri jibu langu na mimi sina jibu.

Mimi ni mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umekaa, nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Gunsan, baba yangu ni fundi wa majokofu ya samaki. Sikusoma ng'ambo wala sina mjomba mwenye cheo, na nilipofika Seoul nilibahatika kusoma kwa Profesa Maeng, ambaye nusu ya wapiga selo wa mji huu wamepita mikononi mwake, ila mimi nilipita mara mbili tu, na hiyo ya pili alinisimamisha katikati ya kipande, mbele ya wanafunzi wake wote, akasema, "Mkono huu wa kushoto umefundwa sokoni. Rudi kwenu ukafundishe chekechea." Wakacheka, nikafunga selo yangu nikatoka.

Sikurudi kwetu. Nilipiga kwenye kumbi za harusi, harusi nne kila Jumamosi kwa miaka minane, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya elfu moja na mia sita, bibi harusi anaingia, picha zinapigwa, wageni wanakimbilia supu ya mbavu, na bibi harusi mwingine tayari yuko mlangoni. Siku nyingine nilifundisha watoto, na muda uliobaki nilijifungia kwenye chumba cha mazoezi cha kukodi kisicho na dirisha, nikapiga mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato.

Mwezi uliopita okestra ya jiji ilitafuta kiongozi wa selo, tukajitokeza watu tisini na wanne kwa kiti kimoja. Tulipiga nyuma ya pazia, na sakafuni wametandika zulia ili hata viatu visiseme kama wewe ni mwanamke au mwanamume, na majaji wote saba walikuwa wametia sahihi kwamba hawajawahi kumfundisha yeyote kati yetu. Raundi ya mwisho mpiga piano akafunua kurasa mbili kwa pamoja, akaruka mbele, na mwingine angesimama, lakini mimi nimeshazoea bibi harusi anayetimua mbio kabla wimbo haujafika nusu, nikaruka naye, tukamaliza kana kwamba tulipanga hivyo. Kura saba kwa saba, Shangazi! Pazia likafunguliwa, na wa tatu kutoka kushoto ni Profesa Maeng, mdomo wazi.

Sasa nina onyesho langu la kwanza la peke yangu, na kama unavyojua kwetu, kijitabu cha onyesho lazima kiseme msanii amefundishwa na nani, tena watu huanza kusoma hapo. Juzi kanipigia dada Bo-yeong, msaidizi wa Profesa.

"Ga-on, usijifanye umesahau. Jina la Profesa linakaa mstari wa kwanza."

"Dada, alinifundisha mara mbili."

"Kwani ukinyeshewa mara mbili hulowi?"

"Alinifukuza!"

"Alikukomaza. Na wale wanafunzi wako wanaotaka kuingia chuoni kwetu, unadhani nani anawapokea?"

Ninao tisa, watatu wanaomba mwaka huu huu. Mama naye anapiga simu kutoka Gunsan, nimwandike Mwalimu Tak Sun-deok, bibi aliyenifundisha tangu nina miaka saba mpaka kumi na minane juu ya duka la keki za mchele, lakini nani hapa Seoul anamjua Mwalimu Tak? Watu watacheka. Mimi naona niuache mstari mtupu, nimefika kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini wanafunzi wangu je? Nifanyeje?

Ga-on, Seoul

*

Ga-on mwanangu,

Kwanza hongera! Nasema kwa sauti, maana barua nzima umelalamika, kufurahi umesahau. Umewashinda watu tisini na watatu bila kuonekana hata ukucha. Kale nyama, na uwaalike wenzako wa kumbi za harusi.

Sasa huyo Profesa. Wewe unayehesabu mpaka bibi harusi, hili limekupitaje? Alitia sahihi kwamba hajawahi kukufundisha. Kama alikufundisha, hakustahili kukaa pale mezani. Kama hakukufundisha, jina lake linatafuta nini kwenye kijitabu chako? Achague moja. Mpigie mwenyewe, achana na huyo dada yako wa mvua, na umwambie kwa adabu zote: "Profesa, naogopa nikiandika jina lako watu watauliza ile sahihi uliitiaje." Halafu nyamaza. Usiongeze hata kikohozi. Na akithubutu kuwagusa wanafunzi wako, niandikie. Swali hilo nitaliuliza mimi, hapa hapa, mbele ya wasomaji wote.

Nimemaliza naye, njoo wewe. Eti umefika kwa miguu yako! Upinde alikushikisha nani? Miaka kumi na mmoja mwanamke yule amekusikiliza ukikwaruza nyuzi, na wewe umempa nusu sentensi, tena umechanganya na keki. Mkono wa kushoto walioucheka ndio huo huo majaji saba walioupigia kura, na aliyeufunda ni yeye. Unaona haya kwa kuwa Seoul haimjui? Wewe walikujua lini? Profesa anadai kisicho chake, na wewe unamnyima mtu haki yake. Aibu zenu zinakaribiana.

Kwa hiyo, leo hii mpigie mchapaji, aandike: "Amefundishwa na Tak Sun-deok, Gunsan." Basi. Asiongeze jina jingine chini yake. Kesho panda treni, umpelekee tiketi ya safu ya mbele kwa mikono miwili, na akikukaripia kwa kupotea miaka yote hii, inamisha kichwa na upokee. Profesa naye mtumie tiketi, safu ya katikati inamtosha.

Na usiku ule, ukisikia watu ukumbini wananong'onezana huyo Tak ni nani, wewe keti, shika upinde, uwajibu.

Shangazi Bong